Mama Yangu na Wanunuzi wa Bastola

Nilipoachana na mume wangu, watu wote niliowafahamu Cedar Hill, kitongoji cha Dallas huko Texas, waliniuliza swali moja: sasa utajilinda na nini? Kwa miaka yote ya ndoa nililala na mwanaume ambaye siku moja king'ora cha moshi kililia jikoni mpaka majirani wakatoka nje, na yeye akageukia ukutani na kujivutia shuka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nalindwa na nani. Lakini alipoondoka na televisheni yake, ghafla nikawa mwanamke asiye na ulinzi.

Hiyo ilikuwa 2017. Ofisini Plano, nilikokuwa nikishughulikia madai ya bima, ikaja kujulikana kwamba mimi peke yangu ndiye sina bunduki. Waliniangalia kwa huruma ambayo kwetu angeangaliwa nayo mtu mzima asiye na sufuria. Dada wa meza ya jirani, aliyejaza picha za paka wake mpaka kwenye kikombe cha kalamu, aliniambia yeye anazo tatu: ya nyumbani, ya garini, na moja aliyoipenda tu rangi yake. Hata kanisani sikupata msaada. Mchungaji wetu aliniambia nisihangaike, Mungu ndiye mlinzi wa wajane na wanawake waliobaki peke yao. Kisha akainama kuokota Biblia iliyoanguka, koti likapanda, nikaona kwamba Mungu alikuwa na msaidizi kiunoni kwa mchungaji.

Basi Jumamosi moja nikaenda dukani.

Aliyenipokea alikuwa na ndevu zilizofika kifuani na sauti ya mtu anayeongea na mtoto aliyepotea sokoni. "Karibu, mpenzi," alisema. "Unatafuta kitu kwa ajili ya mume wako?"

"Kwa ajili yangu."

"Safi sana, mpenzi. Nina kitu chako."

Akaniletea bastola ya pinki. Pinki ya keki ya sherehe ya mtoto. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba ningeweza kuisahau kwenye mfuko wa koti na kuifua. Nikamwonyesha nyingine nyeusi iliyokuwa kwenye kabati la kioo, nikasema naomba niione ile.

"Ile nzito kwako, mpenzi."

Nilitaka kumwambia kwamba nimembeba mwanaume mzima kwa miaka kadhaa, kipande cha chuma hakinitishi. Lakini kabla sijafungua mdomo aliomba kitambulisho, nikampa leseni ya udereva pamoja na kadi yangu ya ukaazi. Kadi ile aliigeuza mbele na nyuma kama noti ya bandia. Akasema wageni hawauziwi bunduki. Akasema kwa sauti, na watu wawili waliokuwa wakishikashika bunduki za kuwindia kulungu wakageuka kunitazama. Mzee mmoja akatoka chumba cha nyuma na kikombe cha kahawa mkononi, akaitupia kadi jicho moja tu.

"Mwenye kadi hiyo ananunua," alimwambia yule wa ndevu. "Muuzie mama."

Nikainunua ile ya pinki kwa hasira. Mtu asiyewahi kununua kitu kwa hasira hatanielewa. Mimi nimewahi kununua viatu kwa hasira, na friji kwa hasira, na vyote vilinitesa. Nilichotaka wakati ule si bastola, nilitaka kutoka pale mlangoni nikiwa nimenunua. Hata hivyo sikutoka nayo siku ileile. Serikali ilihitaji siku kadhaa kujihakikishia kwamba mimi si mtu mbaya. Mimi mwenyewe sikumchunguza mume wangu kiasi hicho.

Nilipoichukua nikaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa shabaha. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo yule wa ndevu angeweza kuniambia kwa sentensi moja: bastola ndogo na nyepesi ndiyo inayorusha mkono kuliko zote, kwa sababu haina uzito wa kuituliza risasi inapotoka. Chuma chake cha juu kilikuwa kigumu kukivuta mpaka niliona haya. Nilipofyatua mara ya kwanza kilirudi nyuma na kuning'ata kati ya kidole gumba na cha shahada. Karatasi yangu ya shabaha ilichorwa mwanaume mpana wa mabega. Nilimaliza risasi zote bila kumgusa hata kola. Jamaa wa pembeni yangu, mstaarabu sana, aliniuliza kwa upole kama ile iliyotoboa karatasi yake ilikuwa ya kwangu.

Nikairudisha dukani nikiwa na plasta mkononi.

"Hatupokei, mpenzi," alisema yule wa ndevu. "Ikishatoka mlangoni ni yako. Ni kama ndoa."

"Ndoa nimeshairudisha," nikamwambia. Hakucheka.

Dada wa paka ndiye aliyenishauri niende kwenye maonyesho ya bunduki Fort Worth, watu wanakobadilishana. Sijui nilitarajia nini. Labda wanaume wenye mabuti wakinong'ona. Nilikuta gulio. Ukumbi mkubwa kama wa sabasaba, meza hadi upeo wa macho, na katikati ya bunduki watu wanauza nyama kavu, karanga za sukari, soksi, sabuni ya maziwa ya mbuzi, na kisu cha kumenyea viazi ambacho muuzaji wake alikuwa akikata nacho kopo la bati. Familia zilikuwa zinatembea na watoto kwenye vigari. Nilijisikia nyumbani kuliko nilivyowahi kujisikia Plano.

Meza ya mwisho kabisa, karibu na vyoo, aliketi mama mzee wa Kizungu kwenye kiti cha magurudumu, miguuni amefunikwa blanketi la kufuma. Nilimwekea ile ya pinki mezani. Aliitazama kwa muda kama daktari anayetazama kitu kilichotolewa tumboni kwa mtu.

"Nani kakuuzia takataka hii?"

"Mwanaume mmoja mwenye ndevu."

"Wote wana ndevu," alisema. "Unataka kumpiga nani?"

"Sitaki kumpiga mtu."

"Vizuri. Wapo wanaonijibu kwa jina."

Akaniambia nimpe mikono. Aliishika, akaikunja vidole kimoja kimoja, akapima kiganja changu na chake. Kisha akaanza kunipa bastola tupu, moja baada ya nyingine, akiniamuru nielekeze ukutani na kufyatua hewa huku yeye akinitazama mabega na siyo mikono. Mbili za kwanza alininyang'anya kabla sijamaliza. Ya tatu ilikuwa ya kizamani, ile yenye tumbo la duara linalozunguka, nzito, mpini wa mbao uliosuguliwa na viganja vya watu. Mikono yangu ikatulia.

"Ilikuwa ya mume wangu wa pili," alisema. "Hakuna alichowahi kupiga nayo ila redio."

Tulibadilishana sawa kwa sawa. Nilimuuliza ile ya pinki ataifanya nini, sikutaka aingie hasara kwa ajili yangu. Akasema kabla ya jua kuzama atakuwa amemuuzia mwanaume anayemtafutia mkewe zawadi, hao hawaishi. Nimenunua vitu vingi Texas, pamoja na gari na bima ya gari hilo, na yule mama ndiye muuzaji pekee aliyetaka kujua kama ninachonunua kinanifaa.

Baada ya hapo nilikuwa naenda kulenga shabaha Jumapili baada ya ibada, na sisemi uongo, nilipenda. Nilipenda kelele, nilipenda kwamba kwa dakika chache hakuna mtu anayeweza kuniongelesha. Yule mwanaume wa karatasi sasa alikuwa anaumia ipasavyo. Nyumbani bastola ilikaa kwenye kasha la chuma lenye ufunguo, risasi nimezificha kwingine kabisa, na kwa mpangilio huo kama mwizi angekuja ingebidi nimwombe asubiri sebuleni.

Mwaka 2019 nikapata kazi kwenye ofisi ya malipo ya hospitali, Houston, nikahama na kasha langu. Miezi michache baadaye mama yangu akaja kunitembelea kutoka Korogwe.

Mama hatembelei, anakagua. Wiki ya kwanza alipanga upya jiko. Ya pili alihamia kwenye kabati la nguo. Nilirudi kazini nikamkuta ameketi kitandani kwangu, kasha limewekwa mapajani kama mtoto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hili sanduku la nini?"

"La nyaraka, Mama."

Akalitikisa. "Nyaraka gani zinagonga?"

Nikafungua. Mama aliitazama bila kuigusa. Hakupiga kelele, na mimi kelele za Mama naziweza. Kunyamaza kwake ndiko siwezi.

"Umempiga nani?"

"Sijampiga mtu."

"Sasa unayo ya nini?"

Nikaanza kueleza: mwanamke peke yake, mji mkubwa, kila mtu hapa anayo. Maelezo yaliyokuwa mazuri kabisa kwa Kiingereza yalinigeukia mdomoni. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi na hiyo hatulali nyumba moja. Na tiketi yangu ya kurudi ni ya mwezi wa pili."

Nikakubali kuiuza. Lakini Mama alikuwa na sharti: lazima na yeye aje kumwona mnunuzi. Hapo sina budi kueleza kwamba mama yangu ameoza mabinti wanne, na kila mchumba alihojiwa sebuleni mpaka jasho likamtoka. Wote wanne bado wapo kwenye ndoa zao. Wa tano ni mimi, niliyejichagulia mwenyewe huku ugenini, na jambo hilo Mama hulitaja mara chache tu, labda kila siku.

Sheria za Texas ziliturahisishia. Mtu na mtu mnaweza kuuziana bastola kwenye maegesho ya magari kama mnauziana baiskeli. Mimi nilijiwekea kanuni mbili tu: mnunuzi anionyeshe leseni yake ya Texas, na tukutane mchana mahali penye watu. Nikaweka tangazo mtandaoni.

Wa kwanza alikuja na gari kubwa la mizigo, miwani ya kioo usoni, akashusha dirisha upana wa vidole viwili. Nikamwomba leseni.

"Kwani wewe polisi?" akauliza.

"Hapana. Ndiyo maana nauliza kwa upole."

Mama, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, alinivuta kiwiko. "Huyu hapana," alisema. "Mtu hajazima hata injini, kaja kuchukua, hakuja kununua." Tukaondoka. Jamaa alitupigia honi mpaka tukakunja kona.

Wa pili alikuwa mzee mstaafu, mpole, amevaa mkanda wa kiunoni na ile mikanda ya mabegani kwa pamoja, mtu asiyeiamini suruali yake. Alitaka kutupa nusu fedha taslimu na nusu nyama ya nguruwe pori aliyemuua mwenyewe. Alikuja na paja zima limegandishwa kwenye kisanduku cha barafu. Niliona Mama analitazama lile paja kwa nia njema. Lakini kazi ni kazi.

"Muulize anaishi na nani."

Nikauliza. "Anaishi na mkewe na mbwa wawili."

"Mkewe anajua?"

Nikauliza. Mzee akajikuna shingo. "Atajua nikifika."

"Mwambie ampigie."

Sijui kwa nini alitii. Nadhani kuna kitu kwenye uso wa Mama ambacho hakihitaji kutafsiriwa. Alimpigia mkewe tukiwa tumesimama palepale, na ile sauti iliyotoka kwenye simu ilifanya hata mbwa wa watu wengine waliokuwa wanapita wakae chini. Mzee alikata simu, akatuomba radhi, akatuachia lile paja bure, kwa aibu tu. Tulilila wiki mbili.

"Sasa Mama," nikamwambia, "kwa mwendo huu hatutauza."

"Unaharakia nini? Ulipoharakia kuolewa ulipata nini?"

Wa tatu nilimpata kwenye kundi la simu la watu wetu wa Houston, lile ambalo watu wanauza magodoro, sambusa za oda na nafasi ya mizigo kwenda Nairobi. Alikuwa Mkongomani, mtu wa Uvira, anafanya kazi ghalani. Ujumbe wake ulikuwa wa heshima, na nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza Mama angehoji bila mkalimani. Tulikutana Jumamosi adhuhuri kwenye duka la mikate la Wameksiko lenye meza nje. Bastola niliiacha imefungiwa kwenye buti la gari.

Alikuwa mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Alimwinamia Mama, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Jambo, Mama. Habari ya kwenu?" Mama akayeyuka papo hapo. Waliulizana mvua, waliulizana bei ya unga, waligundua kwamba sombe la kwao na kisamvu cha kwetu ni mboga moja. Nikaagiza mikate na kahawa. Nilianza kuamini kwamba leo tunauza.

"Sasa baba," Mama alisema alipoona salamu zimetosha, "hii kitu unaitafutia nini?"

Jamaa akaweka kikombe chini. "Mama, ni juu ya bibi yangu. Bibi iko ananitesa sana."

"Pole," Mama akasema kwa huruma kabisa. "Wakizeeka wanakuwa hivyo. Mama yangu mzazi alifika mahali akawa ananitukana mbele ya wageni."

"Njo vile, Mama! Ananitukana mbele ya batu."

"Anakula vizuri?"

"Anakula. Anakula feza yangu yote."

"Na usiku je? Wa kwetu alikuwa anatoka usiku, anapotea."

"Anatoka usiku!" Jamaa alipiga meza kwa kiganja, amefurahi kueleweka. "Namuuliza, ulikuwa wapi? Hajibu. Sasa amekimbia kabisa. Amebeba batoto, amekwenda nabo Dallas."

Mama akanitazama. "Bibi kabeba watoto? Ana nguvu hizo?" Kisha akamgeukia. "Baba, huyo bibi yako ana umri gani?"

"Makumi tatu na mbili."

Nilipokuwa naishi kule kaskazini, upande wa Dallas, nilikuwa nimewasikia Wakongomani wa mtaa wa Vickery Meadow wakisema bibi na kumaanisha mke. Nilikuwa najua. Lakini nilikuwa nimekaa pale nikitafuna mkate mtamu, nacheka moyoni, akili imelala. Mkate nikaurudisha kwenye sahani. Mama pia alikuwa ameshaelewa. Nilimwona jinsi alivyoweka mikono yote miwili mezani, taratibu, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua.

"Ni mkeo," alisema.

"Ndiyo, Mama. Bibi yangu."

"Unataka kwenda Dallas."

"Niende tuongee naye. Tuongee tu."

"Na bastola ya nini kwenye maongezi?"

Alimtazama Mama kama vile swali lenyewe lilikuwa geni. Halafu akajibu kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, na ndicho kilichonitisha: "Ili anisikilize."

Meza ya pembeni watu walikuwa wanaimbiana wimbo wa siku ya kuzaliwa. Nilishika funguo za gari ndani ya mkoba, nikazibana mpaka zikaniumiza. Nilikuwa nahesabu hatua za kufika kwenye gari na kujiuliza kama nikisimama sasa na yeye atasimama.

"Imeshauzwa," Mama alisema.

"Mama, tumeandikiana na dada asubuhi."

"Imeuzwa baada ya asubuhi."

Alijua ni uongo. Alinigeukia mimi, nikaangalia mkate wangu. Nilingoja atukane, au ainuke apige kiti teke. Badala yake mabega yake yalishuka, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza, shati lake la pasi likiingia kwenye kahawa, akaanza kulia. Alilia kama watu wazima wanavyolia, kwa kukoroma, hovyo. Wale wa siku ya kuzaliwa wakaacha kukata keki.

Mimi ningeondoka. Nasema wazi, ningemwacha pale na keki za watu. Mama hakuondoka. Alisogeza kikombe kisimwagike zaidi, akamwekea mkono mgongoni.

"Una ndugu hapa?"

Alikuwa na kaka yake mkubwa, hukohuko Houston, upande wa pili wa mji. Walikuwa hawazungumzi tangu kaka alipochukua upande wa shemeji yake.

"Mpigie."

"Hatapokea, Mama."

"Nipe mimi."

Kaka alipokea. Mama akajitambulisha kwamba yeye ni mama wa Korogwe, yuko kwenye duka la mikate na mdogo wake, na mdogo wake anatafuta bastola ya kwenda nayo kwa mkewe. Alisema hivyohivyo, bila kupunguza. Sauti ya upande wa pili ikasema, "Mama, usimuache. Minakuja."

Tulimngoja zaidi ya saa nzima. Sijawahi kukaa muda mrefu kama ule. Mama alimlazimisha jamaa ale, akamuuliza majina ya watoto wake, mmoja mmoja, nani anapenda nini, na yeye akawa anajibu huku akipangusa pua kwa karatasi za mezani. Mdogo wa mwisho alikuwa anaogopa mashine ya kufulia. Alitabasamu alipolisema hilo, na nilijikuta namwonea huruma, halafu nikajikasirikia kwa kumwonea huruma, kwa sababu kuna mwanamke Dallas aliyekuwa labda anaanika nguo wakati huo bila kujua tumekaa wapi na tunazungumza nini.

Kaka alifika na sare ya kiwandani, hakuwa amebadilisha hata viatu. Hakumsalimia mdogo wake. Alinyoosha mkono akasema, "Funguo," na jamaa akampa funguo za gari. Kisha kaka alisogea pembeni, akampigia shemeji yake papo hapo, tukamwona anaongea akiwa ameshika kichwa. Aliporudi alituambia shemeji yake hakushtuka. Alisema anajua, ndiyo maana alihama.

Waliondoka pamoja kwenye gari la kaka. Kaka alitupigia mara mbili tatu miezi iliyofuata. Mke alikwenda mahakamani akapata amri ya kumzuia mumewe kumkaribia. Mdogo mtu alikuwa anaishi kwa kaka, analala kwenye kochi, anafanya kazi, na kuna siku alionana na watoto kanisani wazee wakiwa wamekaa naye pembeni. Zaidi ya hapo sijui.

Siku ile tukirudi nyumbani nilitegemea Mama anisemeshe. Alingoja tufike. Nilipofungua buti nitoe kasha, alilitazama, akasema, "Usiiuze."

"Mama, si wewe uliyesema hamlali nyumba moja?"

"Kila utakayemuuzia nitakuwa namuwaza. Sina nafasi ya kuwaza watu wote hao."

Akalala nayo nyumba moja miezi iliyobaki. Sikuthubutu kumtania. Akarudi Korogwe mwezi wa pili, 2020, kabla dunia haijafungwa.

Mwezi wa tatu watu wa Houston walinunua karatasi za chooni, na zilipoisha wakanunua bunduki. Foleni ya duka la bunduki karibu na kazini kwangu ilizunguka jengo, watu wamevaa barakoa za kushona wenyewe, mmoja amejifunga sidiria usoni. Mimi bado nilikuwa na kasha kabatini, na baada ya lile duka la mikate sikuwa nimekwenda tena kwenye shabaha. Nilijaribu mara moja, nikaishia kukaa garini. Nikaona leo ni leo. Nilipowaambia nimekuja kuuza na siyo kununua, nilitolewa kwenye foleni nikapitishwa mbele kama mama wa bwana harusi. Kabati zao za kioo zilikuwa tupu, zimebaki taa tu. Aliyenihudumia hakuniita mpenzi, aliniita bibie, na akaniuliza kama nina nyingine.

Nilimpigia Mama jioni ya kwao.

"Nimeiuza, Mama. Nimewauzia dukani."

"Na duka litamuuzia nani?"

"Sijui. Lakini wao wanamkagua mtu kwanza, serikali inaangalia."

"Wanamuuliza kama ana ugomvi na mkewe?"

"Kuna swali linalokaribia hilo, kama mahakama imemzuia kumkaribia mtu."

Mama akaguna. Kisha akasema bando linaisha, na je, nimenunua mchele, kwa sababu amesikia Marekani mchele umeisha. Nikamwambia ninao wa kutosha. Akauliza wa aina gani.